Mkeka wa Mekarisa Juu ya Tuta

Wanangu, juzi mlinikuta nimekaa nje ya duka la vipuri hapa Gongoni, mkaniwekea simu puani nitazame mashindano ya magari. Magari yenyewe mafupi, yamelala chini, hayana milango wala madigadi, magurudumu yote manne yametokeza nje kama miguu ya kaa. Na njia yao ni duara refu ambalo kingo zake zimeinuliwa, hata gari linakimbia limelala ubavu. Mkaanza kubishana. Mmoja akasema magari ya namna ile hayafai kabisa kwenye njia ya namna ile. Mwingine akasema ukiondoa hatari, mchezo umekwisha. Halafu mkanigeukia: "Mzee Mbaruku, wewe ulikuwa fundi wa matairi, hebu tuamulie." Nikawaambia nendeni mkale, nitawajibu. Mlidhani nawakwepa. Mimi nilitaka nikumbuke vizuri kwanza, maana ubishi huo sisi tuliumaliza Marereni miaka ya themanini, kabla hamjazaliwa, na nusura tuumalizie makaburini.

Najua mnacheka. Marereni na mashindano ya magari, wapi na wapi? Marereni ni chumvi. Basi nivumilieni, maana siwezi kufika kwenye magari bila kupitia chumvi.

Mimi ni mtoto wa Malindi mjini, lakini ujana wangu wote niliumalizia kwenye karakana ya kampuni moja ya chumvi. Kazi yangu ilikuwa matairi: ya matrekta, ya malori, ya gari la meneja, hata ya mikokoteni. Aliyenifundisha ni Mzee Shee, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye mikono mipana na ulimi usiojua kupumzika. Siku ya kwanza hakunipa spana wala jeki. Alinipa ndoo ya maji ya mvua na kitambaa, akaniambia, "Osha ringi." Nikaosha ringi wiki nzima huku nikinung'unika kimoyomoyo. Nilidhani ananitesa. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kule adui hakuwa msumari wala jiwe. Adui alikuwa chumvi. Inaingia pale tairi linapokutana na chuma, inakula polepole bila kelele, na siku ringi inapoachia utasema ni mkosi.

Na Mzee Shee mwenyewe, pamoja na ujuzi wake wote, aliwahi kutupa kichekesho cha mwaka. Mvua ilikawia, pipa letu la maji matamu likakauka, naye akaona uvivu kwenda kuteka mbali. Akajaza pipa maji ya jarubani, kwenye vidimbwi vya kukaushia, yale makali ya kuivisha chumvi, tukawa tunazamisha tyubu humo kutafuta pancha. Mapovu yanaonekana vizuri kabisa. Tunakausha, tunapaka gundi, tunabandika kiraka, dereva anaondoka na bashasha. Kabla ya jioni amerudi, kiraka kimebanduka. Wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Mzee akamlaani muuza gundi, akamlaani baba wa muuza gundi, mwishowe akasema karakana imeingiliwa na jini, aitwe mtu aisomee. Mimi nikapitisha kidole juu ya tyubu iliyokauka, nikakiweka ulimini. Chumvi tupu! Gundi ilikuwa imebandikwa juu ya unga wa chumvi. Nilipomwambia alicheka mpaka akakaa chini. Ila alinikataza kumsimulia mtu, na mimi nimemtii mpaka leo.

Siku hizi mna mashine. Tairi lenyewe halina tyubu, unalipeleka, linavuliwa na kuvalishwa kama kofia. Mimi siyaonei wivu mambo yenu, wallahi, mgongo wangu ungeshukuru kuyapata mapema. Lakini jambo moja nawasihi msiliache: ulipapase tairi kwa kiganja. Tairi lina habari zake. Likilika ukingo wa nje, linakwambia gari limekuwa likilalia upande gani. Likiwa na mkwaruzo ubavuni, limegusana na kitu, hata dereva aape kwa jina gani. Ni tairi ndilo lililonifanya nigombane na Karisa, na sasa tumefika kwenye magari.

Kampuni ilikuwa na bwawa kubwa la akiba, la kuwekea maji ya bahari kabla hayajaingizwa majarubani. Lilichimbwa kwa katapila, refu, limeviringana huku na huku mfano wa yai, na kuta zake ni tuta la udongo mwekundu ulioshindiliwa, limeinama kama ubavu wa karai. Bwawa lile likawa linavuja, wakalitelekeza. Likakauka, sakafu ikawa ngumu kama saruji. Sasa weka mbele ya madereva wa matrekta kitu kama hicho, halafu uwaambie ni mapumziko. Alianza mmoja kuzunguka na lori bovu akaona kwamba ukikoleza mwendo, tuta linakubeba. Kwenye kona ya kawaida lazima uondoe mguu kwenye mafuta. Kwenye tuta huondoi. Gari linapanda ubavuni, linajibana lenyewe pale, linaendelea. Kila sikukuu ya wafanyakazi ikawa ni mashindano: magari ya zamani yaliyookotwa Malindi na Kilifi, yamefungwa kwa waya, watu wamejaa juu ya tuta na mihogo yao ya kukaanga. Yalikwaruzana milango, yakavunjana taa, yakateremka yakijikokota. Tulicheka tukarudi kazini.

Kisha akaja Otieno, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Kisumu, mpole, mwenye akili ya kuunda vitu. Yeye ndiye aliyechukua Volkswagen kobe mbili zilizooza bodi, akazivua kila kitu, akaunda upya kwa mabomba. Zilikuwa na kiti kimoja na injini nyuma, na magurudumu yote nje. Nilimsaidia kwa furaha kuyavalisha matairi, msione kama nilikuwa mpinzani tangu mwanzo. Yalikuwa magari mazuri. Ukiliwasha moja, hata mbuzi walisimama kutazama.

Moja alipewa Juma, dereva wa lori. La pili alipewa Karisa.

Karisa alikuwa dereva wa trekta, kijana wa Kigiriama, mwembamba, mwenye haya akiwa kwa miguu na asiye na haya kabisa akiwa nyuma ya usukani. Alikuwa na kipawa. Mimi nimetazama madereva wengi kwa kutazama matairi yao, na matairi ya Karisa yalilika sawasawa, laini, kama ya mtu anayelionea gari huruma. Mwaka ule ilisemekana kuna tajiri wa Mombasa mwenye magari ya mashindano, rafiki wa meneja, atakuja sikukuu kututazama, na anatafuta kijana wa kumfundisha udereva wa kweli. Karisa hakulala tena. Kwake ilikuwa ni hilo au trekta mpaka uzee.

Juma na Karisa wakafanya mazoezi wiki moja kabla ya sikukuu. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya tuta, upande wa kona ya kaskazini. Wakazunguka, wakakoleza, wakapanda ubavuni wote wawili, Juma mbele, Karisa akimnyemelea. Nikaona gurudumu la mbele la Karisa linaingia nyuma ya gurudumu la nyuma la Juma. Yaligusana kidogo tu. Gari la Karisa likainuka pua kama ngalawa iliyopata wimbi, likapanda mpaka kwenye ukingo wa tuta, pale pale ambapo siku ya sikukuu hukaa watu, likayumba, kisha likateremka lenyewe. Kwa nini liliteremkia ndani na si nje, mimi sijui, na sijawahi kujifanya najua.

Karisa akashuka anacheka. Nikalipapasa tairi lake. Ubavuni palikuwa na mkwaruzo mweusi, mpira umeng'atwa na mpira.

"Karisa," nikamwambia, "magari haya hayafai kukimbizana humu."

"Fundi, limerudi, si umeona?"

"Nimeona. Limerudi kwa bahati."

"Mbona magari ya zamani yaligusana kila mwaka, hukusema neno?"

Nikamwita karakanani, nikachukua matairi mawili, nikayasimamisha moja nyuma ya jingine. "Tazama. Magari yale yakigusana, bati linagusana na bati, linateleza. Haya yanagusana magurudumu yenyewe, na yote mawili yanazunguka. Tairi la nyuma la mwenzako, ukilitazama kwa nyuma, linakwenda juu. La kwako la mbele likilikuta, linapandishwa. Barabarani ungerushwa kichakani, ungeamka ukajifuta vumbi. Huku tuta linakuruhusu usiondoe mguu, kwa hiyo mnakuwa karibu na mnakuwa mbio, na juu ya tuta kuna watu."

Otieno alikuwa ameinama anasikiliza. "Naweza kuweka bomba kati ya gurudumu la mbele na la nyuma," akasema. "Litazuia lisiingie."

"Litapunguza. Litazuia?"

Akafikiri kwa uaminifu, akatikisa kichwa. Namheshimu Otieno kwa hilo, maana yale magari yalikuwa kama watoto wake.

Karisa akapandisha sauti, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia. "Fundi, wewe umekaa hapa na ndoo yako ya maji miaka yote na umeridhika. Mimi sijaridhika. Huyo bwana anakuja mara moja. Unataka anione nikiendesha nini, trekta?" Akaondoka. Iliniuma, nasema kweli. Iliniuma zaidi kwa sababu alikuwa na haki ya kutaka.

Nikaenda kwa meneja. Meneja akasema wageni wameshaalikwa, na vijana wenyewe wanataka, wameshasema hapana hatari. Nikarudi na hasira zangu.

Kilichobaki kilikuwa radhi. Nyinyi siku hizi mnaweza kwenda hata Arabuni mkampigia mama simu mkiwa uwanja wa ndege. Karisa hakulelewa hivyo. Asingepanda gari lile mbele ya watu bila mama yake kumpa radhi. Mama yake alifanya kazi ya kukwangua chumvi majarubani, na sote tulimwita Mekarisa, maana ndivyo Wagiriama wamwitavyo mama wa Karisa. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache, na nyayo ngumu za chumvi. Asubuhi ya sikukuu, watu hawajaanza kujaa, alikuja bwawani amekunja mkeka kwapani. Karisa alikuwa analifuta gari. Juma na Otieno walikuwapo, na mimi nilikuwa natia upepo.

"Mama, nilikuja kwako jana hukunijibu," Karisa akasema. "Naomba radhi zako."

"Nimekuja kukujibu." Kisha akanigeukia mimi. "Fundi, hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Gari hili likiruka, laangukia wapi?"

Nikamtazama Karisa, Karisa akatazama chini. Nikamwonyesha kwa mkono ile kona ya kaskazini, juu ya tuta.

Mekarisa akashukuru. Akalipanda tuta polepole, akafika pale pale nilipoonyesha, akatandika mkeka, akakaa, akanyoosha miguu. Wanawake wenziwe wa majarubani waliokuwa wakipita wakamuuliza kulikoni, akawaambia anangoja kumtazama mwanawe. Nao wakaona ni pazuri, wakakaa naye.

Karisa akapanda mbio. Nami nikamfuata.

"Mama, ondoka hapo."

"Kwa nini?"

"Si pazuri."

"Pana upepo. Naona bwawa zima."

"Mama, nakuomba. Nenda kule kwenye kibanda cha pampu, utaona vile vile."

"Mwanangu," akasema, na hakupandisha sauti hata kidogo, "si umemwambia meneja hapana hatari? Mimi nimekuamini. Radhi nakupa hapa hapa nilipokaa. Nenda kakimbie."

Nimesikia watu wakigomba maisha yangu yote, nimesikia mawakili kortini Malindi, lakini sijasikia hoja iliyomziba mtu mdomo kama ile. Karisa alisimama juu ya lile tuta akamtazama mama yake, akawatazama wale wanawake na vikapu vyao, akatazama chini bwawani alipoacha alama za matairi yake zikipanda mpaka karibu na ule mkeka. Alama bado zilikuwapo. Nilimwona anazifuata kwa macho kutoka chini hadi juu. Nilitaka kumshika bega, nikajizuia.

Mwisho akasema, kwa sauti ndogo, "Siwezi."

Juma alikuwa ameshapanda naye. "Basi tumwambie meneja tumeghairi," akasema, na nadhani hata yeye moyo ulimtulia.

"Sikusema hivyo," Karisa akajibu. Akaligeukia bwawa. "Tukimbie mmoja mmoja. Wewe zunguka peke yako, watu watazame saa. Kisha mimi. Gurudumu halitakuwa na mwenzake wa kung'atana naye. Huyo bwana akitaka kujua nani dereva, atajua."

Nami nikaona aibu kidogo, ya kupendeza, kwa kuwa nilikuwa nimeng'ang'ania kusema hapana siku zote zile, wala sikukaa nikatafuta ndiyo inayowezekana.

"Sasa utaondoka hapo, mama?" Karisa akauliza.

Mekarisa hakumjibu yeye. Akanitazama mimi. "Gari likiwa peke yake, ni nini kitakachoweza kulileta hapa?"

Nikafikiri. Nisingeweza kumdanganya. "Tairi likipasuka, mama. Au ringi ikiachia."

"Na matairi ni kazi ya nani?"

"Yangu."

Akasogea upande mmoja wa mkeka, akapapasa nafasi iliyobaki. "Basi njoo tukae."

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilishuka, nikayavua magurudumu yote ya yale magari mawili, nikayaosha ringi kwa maji ya mvua, nikazungusha kiganja ndani na nje. Ringi moja ya Juma niliitoa kwa sababu ilikuwa na kidonda cha kutu ambacho siku nyingine ningesema kitasubiri. Tairi la Karisa lenye mkwaruzo nililitupa kando. Yale ya upande wa nje, yanayobeba uzito wote kwenye tuta, niliyaongeza upepo, nikayagonga kwa nyundo na kuyasikiliza moja moja kama alivyonifundisha Mzee Shee. Sijawahi kufanya kazi kwa makini kama siku ile. Ukijua utakaa wapi, mikono haina pupa.

Watu wote waliohudhuria wakaombwa wakae upande wa kibanda cha pampu. Wale wanawake nao wakahamishwa, wakalalamika kidogo. Tuliobaki juu ya kona ya kaskazini tulikuwa wawili tu, Mekarisa na mimi, juu ya mkeka. Meneja alipiga kelele kwa mbali tushuke. Mekarisa alimpungia mkono kana kwamba anasalimiwa.

Juma akazunguka kwanza, vizuri, kwa kelele nyingi. Kisha Karisa. Kabla hajawasha alipanda tena, akapiga magoti mbele ya mkeka. Mama yake akachukua maji kinywani, akampulizia kifuani, ndiyo baraka yao, akanong'ona maneno ya Kigiriama ambayo sikuyasikia yote. Akashuka.

Gari likazunguka chini mara ya kwanza likipasha moto. Likakoleza, likapanda. Lilipokuja kona yetu lilikuwa limelala ubavu kabisa, uso wa Karisa unatutazama sisi, magurudumu yake yakipita chini ya miguu yetu karibu hata vumbi likatuingia machoni. Mimi nilikuwa nasoma kila aya niijuayo. Mekarisa alikuwa amekaa wima, mikono magotini. Likarudi tena, tena likapita, mstari ule ule, kama limechorewa. Hakuondoa mguu hata mara moja, wala hakugusa ukingo.

"Anaendesha vizuri?" akaniuliza, macho yake hayatoki bwawani.

"Vizuri sana, mama. Sijaona mfano wake."

Hapo ndipo nilipomwona akifuta machozi kwa pembe ya hando lake, lile vazi la marinda la wanawake wa Kigiriama. Nami machozi hayakuwa mbali.

Tajiri wa Mombasa hakusema mengi. Alimuuliza Karisa nani aliyekata shauri magari yakimbie moja moja, Karisa akasema ni yeye. Akamuuliza kwa nini. Karisa akamwonyesha kwa kidole juu ya tuta, ambako mama yake alikuwa anakunja mkeka. Yule bwana akatazama, kisha akamwambia aje Mombasa Jumatatu.

Alikwenda. Alikimbiza magari ya watu miaka mingi, Pwani na bara, na leo anafundisha madereva na ana wajukuu. Kila sikukuu hunipigia simu, na kabla ya salamu huniuliza: "Fundi, ringi umeosha?" Otieno aliendelea kuunda magari yake, na bwawani waliendelea kukimbia mmoja mmoja mpaka mvua kubwa ilipolibomoa tuta. Kona ya kaskazini haikukaliwa tena na mtu ila fundi wa matairi. Ikawa desturi. Aliyeandaa gari alikaa pale, juu ya mkeka, na sijawahi kuona mafundi wakiosha ringi kwa bidii kama miaka ile.

Basi nawajibu. Magari yenye magurudumu wazi yafaa kushindana kwenye njia ya duara yenye kingo za juu? Sijui ya hao wenzetu wa kwenye simu, wana vyuma na hesabu ambazo mimi sina. Lakini nyinyi mnataka kuunda la kwenu, nimesikia mkinong'ona, na mmeshaanza kukusanya mabomba nyuma ya duka. Siwakatazi. Njooni, nitawafundisha kupapasa tairi. Ila siku mtakaponionyesha hilo gari, sitawauliza linakwenda mbio kiasi gani. Nitawauliza likiruka litaangukia wapi. Mkishanionyesha, mkalete mkeka, mkawaite mama zenu, na nafasi moja mniachie mimi.